Vitumbua Vilivyovuka Ua

Aliyetukaangia vitumbua vya Krismasi miaka yote ile hakuwa Mkristo. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu watoto wangu nikiwasimulia hudhani nachanganya mambo. Alikuwa Mwislamu, akiswali na kufunga, na sikumwona hata siku moja akiingia kanisani, ingawa kengele ya misheni pale Kisarawe ilimwamsha yeye kabla ya kutuamsha sisi. Tulimwita Jirani. Mama yangu ndiye aliyeanza, naye akamwita mama hivyohivyo, hata asubuhi ukisikia sauti mbili zikiitana kwenye ua, jirani, jirani, usingejua nani anamwita nani. Jina lake nalijua. Sitaliandika, maana hakuwahi kunipa ruhusa na sasa siwezi kumwomba.

Mimi si mwandishi. Shule nilikwenda miaka michache, na mwalimu wetu alisema hati yangu ni nzuri kuliko mawazo yangu. Huenda alisema kweli. Nitaandika nilichokiona, na pale niliposikia tu nitasema nilisikia.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyofanana na mwili wake. Alitembea kama mtu aliyebeba kitu kichwani hata kama hana kitu. Hakupenda kusifiwa, wala kuulizwa afya yake. Ukimwambia "pole na kazi" alijibu, "Kazi ndiyo inipe pole mimi?" akaendelea.

Mkesha wa Krismasi alihamisha mafiga kutoka jikoni akayapanga katikati ya uwanja, mbali na mapaa ya makuti. Kwanza alirusha majivu kidogo hewani kutazama upepo unaelekea wapi. Kisha alichukua majivu mengine akachora mstari kuuzunguka moto wote, na mstari ule mtoto hakuupita. Aliyeupita alikosa kitumbua cha kwanza, awe mtoto wa nani. Wanawake waliokuja kumsaidia aliwakagua mmoja mmoja kama askari wa gwaride: kanga ifungwe nyuma, ncha zisining'inie, na mwenye mtoto mgongoni akae upande wa kinu, asikaribie mafuta. Pembeni mwake palikuwa na ndoo ya mchanga. Miaka mingi nilidhani ule mchanga ni wa kusugulia masufuria.

Mwaka mmoja mafuta yalishika moto. Mama yangu alinyakua mtungi wa maji. Jirani alimshika mkono kwa nguvu, akamwaga mchanga kwa mkono wake mwingine, moto ukafa, na uwanja mzima ukanuka nazi iliyoungua.

"Jirani, ungemwaga yale maji, leo tungekula Krismasi hospitali."

"Nilishtuka," mama akasema.

"Shtuka, lakini shtuka na mchanga."

Mama alikasirika, kwa sababu aliambiwa mbele ya watu, na mkono ulimuuma mpaka siku ya pili. Lakini alikuwa wa kwanza kurudi na kinu.

Mchele aliuloweka tangu jana yake, akautwanga mwenyewe, maana alisema sisi tunatwanga kama tunaua nyoka. Tui alikamua zito. Iliki aliitafuna kidogo kwanza kuona kama muuzaji hakumdanganya. Na ili unga uumuke alitia tembo la mnazi. Hapa ndipo baba yangu alipopata la kusema kila mwaka, kwa sababu mgema alikuwa mtu wa kanisani kwetu, na Jirani alikuwa akinituma mimi na kibuyu.

"Usiseme ni la kwangu," alinionya. "Sema ni la unga."

Mgema alikuwa akitikisa kichwa. "Unga wake unakunywa kibuyu kizima?"

Na baba akivila vile vitumbua alisema kwa sauti, ili asikike ng'ambo ya ua, "Jirani, mbona vitumbua vyako vinayumba?"

"Vinayumba kwa sababu vimeingia nyumba ya Wakristo," sauti ikajibu.

Ili nimtendee haki, nilimwona kwa macho yangu akimwaga tembo lililobaki chini ya mgomba. Na dada yangu, ambaye ana kumbukumbu kuliko mimi, anasema alinawa mikono mpaka kwenye viwiko baada ya kulimwaga. Mimi la kunawa sikuliona, lakini dada hasemi uongo.

Nisije nikamchora kama malaika. Alikuwa mchoyo. Chumvi alikupa kwa kukuonyesha kwanza jinsi ilivyobaki kidogo. Jua likizama hakutoa moto nyumbani kwake kwa mtu yeyote, hata kaa moja. Alisema baraka za nyumba zinatoka na moto huo, na mama yangu akarudi mara ngapi sijui na kigae kitupu. Miaka ya vita, sukari ilipokuwa adimu, ilisemwa kwamba anayo na ameificha. Kweli alikuwa nayo. Alikuwa ameificha tangu Idi, yeye mwenyewe akila uji bila kitu, na ikaja kutoka mkesha wa Krismasi. Watu waliomsema wakavila vile vitumbua. Na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Kwa nini alifanya hivyo kwa sikukuu isiyo yake? Mama aliamini ni ujirani mwema. Padre mmoja mgeni aliposikia alifurahi akataka kulitaja kwenye mahubiri, na Jirani akampelekea ujumbe kwamba akimtaja atatia pilipili. Alikuwa na neno lake analolirudia: "Mimi sisherehekei. Mimi napokea wageni tu." Sababu yenyewe ilikuwa ndogo na iliyo wazi, ila hatukuiangalia. Binti yake wa pekee, Mwanaidi, shoga yangu wa utotoni, alikuwa ameolewa na kijana mmoja manamba kutoka bara, jina lake Yohana, aliyekuja kukata mkonge katika shamba moja upande wa Mlandizi. Shamba lile halikusimama kwa Idi. Siku ya Idi pili watu walikuwa kwenye mistari ya mkonge kama siku nyingine. Lilisimama kwa Krismasi. Basi kama Jirani alitaka kumwona mtoto wake siku ya sikukuu, ya kwake ilikuwa haina faida; ilimbidi aitumie ya kwetu.

Kutoka kule mpaka Kisarawe ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, na Desemba mvua za vuli hazijaisha, vijito vimejaa, na porini simba walikuwa bado wanasikika. Siku hiyo ya mkesha Jirani alikaanga tangu asubuhi, kisha alasiri alimwachia mama chuma cha vitumbua akaenda kusimama njiani. Hakukaa. Alisimama. Akiona kundi la watu linakuja kwa mbali aliwahesabu kwa midomo, na walipofika karibu hakuwasalimu kwanza, aliwatazama miguu kama imelowa. "Sikukuu ni watu kufika," alimwambia mama nikiwapo. "Kula ni baadaye."

Sasa nifike kwa mkwe, na hapa naogopa kukosea.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawali mahali pamoja. Kila mtu anajua. Kwa hiyo Yohana alipokuja na mkewe hakulala kwa Jirani wala hakula kwake, alifikia kwetu. Vitumbua vilikaangwa ng'ambo, vikafunikwa kawa, vikavuka ua, na Yohana akavila barazani kwa baba yangu. Alikuwa Mnyamwezi, na baba Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani, na kelele zao zilijaa nyumba.

"Umeleta nini kutoka kwenye mkonge wako, zaidi ya miiba?" baba akamwuliza.

"Nimeleta njaa, mtani. Nimeambiwa hapa kwenu haiuzwi."

Lakini alipotaka kumsalimu mkwewe alibadilika kabisa. Alikwenda mpaka kwenye ua, akakohoa, akachuchumaa akitazama pembeni, na akasema taratibu, "Shikamoo, mama." Nyuma ya ukuta, asipoonekana, Jirani akajibu, "Marahaba. Wa huko hawajambo?" Na watu wakasifu. Mtu wa bara, wakasema, lakini heshima yake imenyooka.

Krismasi ya kwanza waliyokuja na mtoto, walichelewa. Jirani alisimama njiani mpaka giza likaingia, mama akaenda kumrudisha, akakataa. Walifika wamelowa mpaka mifupa. Kijito kimoja kiliwaweka ng'ambo muda mrefu kabla hawajavuka. Mtoto alikuwa anakohoa. Jirani alimchukua akamweka kifuani akamfunika kanga zote alizokuwa nazo. Vitumbua vilikaa kwenye ungo mpaka vikawa vigumu. Kabla watu hawajamaliza siku za kupeana mkono wa heri, tulimzika yule mtoto.

Baada ya hapo Yohana alikuja kwenye ua, akakohoa, akachuchumaa, akasema, "Shikamoo, mama." Hakuna aliyejibu. Nilikuwa ndani kwa Jirani siku ile, nilimwona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, mkono kwenye shavu, na alisikia.

Tangu hapo ilikuwa hivyo kila mwaka. Walikuja, tena mapema sana, kwa sababu Jirani alipeleka maneno kwamba wasipofika jua likiwa juu wasije kabisa. Vitumbua viliendelea kuvuka ua, na sahani ya Yohana haikupungua hata kimoja. Ila Jirani mwenyewe hakumjibu salamu. Na uzuri wa mambo, kama naruhusiwa kuuita uzuri, ni kwamba nje hakuna kilichoonekana. Mama mkwe kujificha asionwe na mkwewe, nani atauliza? Watu waliendelea kusifu. Heshima na hasira zilikuwa zimejitanda kanga moja, na ukizitazama kwa nyuma usingezitofautisha. Hata mimi kuna miaka nilijiambia ni heshima tu, naongeza chumvi.

Mwanaidi ndiye aliyejua. Tulikuwa tunachekecha unga, wanawe wengine waliozaliwa baadaye wanacheza nje ya mstari wa majivu, na akasema bila kuniangalia:

"Unajua ninachotaka mimi? Si kitenge, si nini. Nataka siku moja wanangu waone bibi yao na baba yao wamekaa mahali pamoja."

"Si desturi," nikasema.

"Najua si desturi. Lakini wewe unajua kuwa si hiyo desturi."

Nikamwambia, kwa kutaka kumpoza, kwamba baba yangu ameshamweleza mama yake habari za shamba, kwamba nyapara hakuwaruhusu watu kuondoka siku ile mpaka jua la utosi. Ni kweli baba alieleza. Jirani alimjibu, "Nimesikia," akaendelea kupepeta.

Mwanaidi akaweka chekecheo chini. "Yohana alisema tulale, tuondoke alfajiri. Mimi ndiye niliyesema twende. Nilisema mama anasimama njiani, simwachi asimame bure."

Nikachekecha unga uleule mara ya pili.

"Nilitaka kumwambia mama," akasema. "Yohana akanikataza. Aliniambia, 'Mama akinichukia mimi hapungukiwi na kitu, lakini akikuchukia wewe atabaki na nani?'"

Nimeyafikiri maneno yale miaka mingi. Wakati mwingine naona Yohana alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Wakati mwingine naona alimnyima yule mama haki yake ya kujua. Ningekuwa Jirani ningetaka kuambiwa; ningekuwa Mwanaidi ningenyamaza. Sijapata jibu, na ninayeandika ni mimi, si hakimu. Ninachojua ni kwamba kila Krismasi nilikuwa nikila vitumbua vile, vitamu, vya moto, kingo zake zikiwa kahawia na katikati laini kama ilivyopaswa, na kila nilichomeza kilikuwa na jambo hilo ndani yake.

Nimevitamani tena mara nyingi. Nimejaribu kuvipika. Nina chuma kizuri, hamira ya kopo, sukari ya kutosha, na mkono wangu si mbaya. Watoto wanakula wanashukuru. Lakini nikikaa kwenye moto nasikiliza ng'ambo ya ua, na ng'ambo ya ua wangu ni mtu mwingine, mtu mwema tu, ambaye hana la kunigombeza.

Macho ya Jirani yalianza kufifia taratibu. Kwanza alisema moshi, kisha akasema mvuke, kisha akaacha kusema. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na kuhamia mjini. Nilisikia kwa mama kwamba alikuwa bado anawasha moto mwenyewe kwa kupapasa, na kwamba siku moja aliweka kiganja kwenye chuma ili ajue kama kimepata. Mama ndiye aliyepeleka habari. Wakati huo Yohana alikuwa ameacha mkonge, amepata kiwanja Mkuza, analima mihogo na kusuka mikeka. Alikuja mwenyewe kumchukua. Nasikia alisimama nje ya ua akakohoa, na alizungumza na mama yangu tu, na Jirani aliondoka ameshikwa mkono na mjukuu, Yohana akitangulia mbele sana asije akakutana naye uso kwa uso.

Kule Mkuza alikuwa amemjengea kibanda chake peke yake. Mlango aliuelekeza upande wa shamba la mihogo, si uwanjani, ili mkwewe akitoka au kuingia wasikutane. Niliuona mlango ule. Ni fundi gani angeweka mlango pale, jua la jioni linampiga mtu usoni, kama hakuwa na sababu?

Nilikwenda Krismasi moja, baada ya ibada, kwa lori lililokuwa linakwenda Morogoro. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona. Mwanaidi alikuwa anakaanga uwanjani, mvi zimeanza, na mama yake amekaa mkekani nje ya mstari, maana mstari ulikuwepo, akiongoza kazi kwa masikio.

"Geuza hicho, kimenyamaza."

"Kipi, mama? Viko vingi."

"Kilicho karibu na wewe. Mafuta yakiacha kusema, kimeiva upande mmoja. Nani huyo amekuja? Anapumua kama mtu wa Kisarawe."

Nikamwamkia, akanishika uso kwa ile mikono yake mikubwa, akasema nimenenepa, mji umenipenda. Akaniuliza habari za mama, kisha habari za mama tena, kama kwamba mara ya kwanza hakusikia. Nadhani alikuwa anataka tu kulisema neno jirani.

Ndipo Yohana akarudi kutoka kanisani. Alisimama kwenye ua kama alivyokuwa akisimama kwetu, akakohoa, akaanza kuzunguka nyuma apite upande wa shamba.

"Mwambieni aje huku," Jirani akasema.

Mwanaidi akaacha kugeuza. "Mama, ni baba watoto."

"Nakijua kikohozi chake tangu wewe huna hata mvi moja. Aje akae."

"Mama, si vizuri."

"Mimi simwoni. Nitamficha uso nani?"

Yohana alikuja. Alikaa mwisho wa mkeka, ubavu, kofia mapajani, macho chini. Yeye alikuwa bado anaona, kwa hiyo aliendelea na heshima kwa upande wake. Watoto wao waliacha kucheza. Mwanaidi alikuwa amesimama na kijiti mkononi, na vitumbua vyote kwenye chuma vilikuwa vinaungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Tukadhani yamekwisha.

"Siku ile ya mvua," Jirani akasema, kama anayeuliza bei ya nazi. "Nani alisema mtoke mchana?"

Nilimtazama Mwanaidi. Midomo yake ilishafunguka. Yohana hakumtazama, ila aliwahi kabla yake.

"Tulisema wote, mama."

Jirani aligeuza uso upande wa binti yake, pale aliposikia kijiti kinagonga chuma, akaukalisha pale muda. Sijui alichokijua. Ningekuwa mwongo nikisema najua. Mkono wake ukapapasa mkekani mpaka ukapata sahani, akaisukuma mbele kuelekea ilikotoka ile sauti.

"Kula," akasema. "Vinapoa."

Yohana alichukua kimoja akala mbele yake, na yule mama akatega sikio, akamsikiliza anavyotafuna.